Kibanda Kisicho na Moshi

Siku ile Helvi Kangas alipomaliza kuchonga samaki wake wa arobaini na mmoja, alikuwa hajaandika hata mstari mmoja wa maana tangu Krismasi. Samaki wenyewe walikuwa wazuri, jambo ambalo lilizidisha kosa. Kila mmoja alichongwa kwa mti wa mwerezi, akatiwa madini ya risasi tumboni ili azame sawasawa, akapakwa rangi ya kijani mgongoni na nyeupe tumboni, na mapezi yake yalikatwa katika bati la mkebe wa kahawa. Mvuvi akimning'iniza samaki wa namna hiyo katika tundu la barafu, samaki wa kweli huja kumtazama, na hapo ndipo mkuki humpata. Lakini Helvi hakuwa mvuvi. Alikuwa mwandishi wa vitabu, mwenye riwaya nne zilizosomwa kotekote katika jimbo la Michigan na nje yake, na kazi iliyoingojea mikono ile ilikuwa sura moja tu, ya ishirini na mbili, iliyo ya mwisho.

Asubuhi zake zilikuwa na utaratibu ambao hakuna mtu angeweza kuulaumu. Aliamka saa kumi na moja na nusu, akachemsha kahawa, akakata vipande viwili vya mkate wa iliki, akachonga penseli saba kwa kisu cha marehemu baba yake, akazipanga kwa urefu, kisha akaketi kwenye meza ya jikoni mbele ya dirisha. Lawama zilianzia hapo. Nje ya dirisha palikuwa na kisanduku cha mbegu, na ndege wadogo wenye kofia nyeusi walikuja kula. Helvi aliwaandika katika daftari, saa waliyofika na saa waliyoondoka. Ndege wakiisha, aliiona soksi iliyokosa kisigino. Soksi ikipata kisigino, aliukumbuka mwerezi uliobaki karakana.

Alikuwa na hoja ya kujitetea, tena hoja nzuri. Alisema kwamba mkono ukishughulika kichwa hufunguka, na alitoa ushahidi: riwaya yake ya pili ilizaliwa pamoja na jozi kumi na tisa za soksi. Hilo lilikuwa kweli, na kwa sababu lilikuwa kweli lilikuwa gumu kulivunja. Lakini mwaka huu soksi zilizaliwa peke yake.

Tatizo lilikuwa Onni. Huyu alikuwa mzee mkata magogo katika kitabu hicho, aliyegombana na majirani zake juu ya mpaka wa msitu, akahamia ng'ambo ya ziwa, akaapa kutosema nao tena. Tangu siku ya kwanza Helvi alikuwa ameamua kwamba katika sura ya mwisho Onni atakufa peke yake ndani ya kibanda chake, katikati ya majira ya baridi, na ataonekana barafu itakapoyeyuka. Aliamini kwamba kitabu chenye uzito hakina budi kumalizika hivyo. Aliiandika sura hiyo mara tisa, na mara tisa ilitoka kavu kama ubao. Onni alilala kitandani tangu Krismasi, hafi wala haponi.

Mumewe, Reino, aliyekuwa fundi wa mitambo katika mgodi wa chuma kabla ya kustaafu, aliingia jikoni kila adhuhuri, akavua viatu vyake mlangoni, akauliza swali lile lile.

"Amekufa?"

"Bado."

"Maskini. Na chakula hali."

Reino hakuwa mtu wa kuficha mambo ya nyumbani mwake. Aliyasimulia kwa kinyozi, kinyozi akayasimulia kwa waliokuwa wakingoja zamu, na kufikia Januari mji mzima wa Kivi ulijua habari za mgonjwa yule. Jumapili, kwenye ngazi za kanisa, watu walimshika Helvi mkono na kumwuliza hali ya Onni kwa sauti ya chini, kama wanaomwulizia mjomba.

Jumatatu ya tarehe kumi na sita Machi simu ya ukutani ililia. Alikuwa Margery Prescott, mhariri wake, kutoka Chicago. Kwa miaka ishirini Bibi Prescott alikuwa amemgombeza Helvi juu ya kila koma, na Helvi alikuwa ameuzoea ugomvi huo kama mtu anavyozoea mlio wa mlango wake mwenyewe. Siku hiyo Bibi Prescott alizungumza kwa adabu. Alimwulizia hali yake, akamwulizia Reino, akamwulizia hata theluji. Helvi aliingiwa na hofu, akavuta kiti akaketi.

Habari ilikuwa fupi. Kitabu kilikuwa kimekwisha kutangazwa mara mbili na mara mbili kimeahirishwa. Sura ya mwisho iwe mezani pake asubuhi ya tarehe mosi Aprili. Isipokuwapo, kampuni itakiacha kitabu chenyewe, na jambo hilo halitafunguliwa tena.

"Siyo mimi tena, Helvi," alisema Bibi Prescott. "Wameshaacha hata kuniuliza."

Helvi alirudisha simu mahali pake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili, na miaka mitatu ya maisha yake ilikuwa imelala ndani ya droo, imefungwa kwa uzi wa soksi. Lakini kilichomkaa rohoni zaidi ya hicho ni wazo lililokuwa likimnyemelea tangu Januari, kwamba huenda ndani yake hamna tena mwandishi, amebaki mama mmoja anayechonga samaki. Alipiga hesabu. Barua ya Chicago ilitaka siku kadhaa, na Jumamosi na Jumapili zilikuwa katikati. Kwa hiyo bahasha ingepaswa kuondoka na gari la posta la Ijumaa ya tarehe ishirini na saba. Zilibaki siku kumi na moja.

Adhuhuri ile Reino alipovua viatu, hakupata nafasi ya kuuliza. Helvi alimwambia kwamba anahamia kwenye kibanda cha kuvulia. Kilikuwa kibanda cha mbao kilichopakwa rangi nyekundu, kimewekwa juu ya barafu ya Ziwa Kivi mwendo wa robo saa kutoka ufukweni; ndani mlikuwa na benchi, meza ndogo, jiko dogo la chuma na matundu mawili ya kuvulia. Hamkuwa na simu. Hamkuwa na ndege. Hamkuwa na kipande cha mwerezi.

Reino alikubali, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe atakagua kikapu. Asubuhi yake alikipekua kama afisa wa forodha. Chini ya mkate alikuta soksi na sindano zake.

"Na hii?"

"Ya dharura."

"Dharura gani, mama? Nani kakosa mguu?" Akaitia soksi mfukoni mwake.

Basi Helvi alivuka barafu, akawasha jiko, akapanga penseli zake saba, akaandika: *Onni aliamka.* Kabla hajajua Onni aliamkia nini, mlango uligongwa, ukafunguliwa papo hapo. Alikuwa Arvid Saari, jirani yao, mzee wa miaka sabini na minane, ndevu zimeganda, kikombe chake mwenyewe mkononi.

"Nimeona moshi," alisema, akaketi.

Hapa lazima ikubaliwe kwamba Helvi alikosea kosa la ajabu, maana alizaliwa Kivi na hakuwa mgeni wa mambo yake. Juu ya ziwa lile moshi wa kibanda una maana moja tu: birika liko motoni. Moshi wa nyumbani hauiti mtu, lakini wa kibandani huita, na kupita mbele ya kibanda kinachotoa moshi bila kuingia ni tusi ambalo hukumbukwa hata mazishini. Helvi aliyajua hayo kama alivyojua jina lake. Ila hakuwa ametia mguu kibandani kwa miaka kumi, na alipokuwa akiikimbia simu moja ya ukutani hakufikiri kwamba anakwenda kujiweka katikati ya watu wote.

Siku ya kwanza waliingia wanane. Siku ya pili kumi na mmoja. Tyyne Ojala, mkuu wa posta, alikuja wakati wake wa mapumziko akaleta biskuti. Mchungaji alikuja, akaomba radhi kwa kusumbua, akakaa saa nzima na nusu. Na kwa kuwa wote walijua kwa nini Helvi yuko pale, wote walikuja tayari kumsaidia. Tyyne alipendekeza Onni aanguke kutoka paani akikomba theluji, kama shemeji yake. Mchungaji aliona ingefaa atubu kwanza. Arvid alisema aliwe na mbwa mwitu.

"Hapa mbwa mwitu wamekula nani, mzee?" Helvi aliuliza.

"Hajaliwa mtu. Lakini watu wa Chicago watajuaje?"

Hadi Jumamosi Helvi alikuwa ameandika maneno kumi na moja, na manne kati ya hayo yalikuwa orodha ya vitu vya kununua kwa ajili ya wageni.

Jumapili, akiwa kanisani, wakati ambao angepaswa kusikiliza, alipata shauri. Ikiwa moshi ndio unaoita, basi moshi usiwepo. Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu alitoka alfajiri, kabla watu wa Kivi hawajafungua mapazia yao. Alivaa suti ya mgodini ya Reino, kofia ya manyoya, na jozi mbili za soksi za riwaya ya pili. Alijifungia kwa komeo, akajizungushia blanketi la benchi, akaliacha jiko kama lilivyo. Baridi ilikuwa ya kupasua kucha. Pumzi yake ilitanda juu ya karatasi, na penseli ilikuwa kama kipande cha barafu kati ya vidole vilivyochomoza katika glavu zilizokatwa ncha.

Aliandika: *Onni hakuwa na nguvu ya kuwasha jiko.* Akasita. Mstari ule haukuwa kama ile mingine. Aliandika jinsi baridi inavyoanzia sakafuni, ikapanda kwenye nyayo, ikafika magotini na kukaa hapo kama mbwa. Alijua vizuri alichokuwa akikiandika, kwa kuwa magoti yenyewe yalikuwa yake. Alifika mstari wa sita, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi moyo wake ulichangamka.

Ndipo akasikia miguu ikikimbia. Baada ya miguu, injini ya pikipiki ya theluji. Baada ya injini, mbwa wawili. Na baada ya mbwa, mtaimbo ulioingia kati ya mlango na fremu yake. Komeo liliruka likaangukia katika tundu la kuvulia na kuzama. Mlangoni alisimama Arvid, mtaimbo mkononi, anahema. Nyuma yake alikuwa Tyyne na sanduku la huduma ya kwanza la posta, kinyozi akiburuta kigari cha kubebea wagonjwa, na nyuma ya wote Reino, mguu mmoja una kiatu, wa pili una ndara.

Arvid alimtazama Helvi kutoka kofia mpaka soksi.

"Uko hai," alisema, kama mtu anayemshtaki mwenzake.

"Niko hai, mzee. Ninaandika."

"Bila moto?"

"Nilitaka mtu asije."

"Basi umetuita wote."

Kisha akamgombeza, akimwita kwa jina la marehemu baba yake, na hakuna aliyemzuia, maana ilikuwa haki yake kwa umri na kwa mbio alizokwisha kupiga. "Sikiliza, binti Lahti. Miaka sitini mimi naamka, naangalia ziwa kabla sijavaa suruali. Nahesabu moshi. Leo naona nyayo zinaingia, moshi hautoki. Ulitaka nifikirie nini? Kwamba unafuma?"

"Soksi ninayo mimi," alisema Reino kutoka nyuma.

Helvi aliomba radhi. Aliwakaribisha ndani, wakajipanga kwenye benchi na juu ya ndoo zilizopinduliwa, na Reino akaliwasha jiko bila kuambiwa. Hasira zilikuwa zimekwisha kuyeyuka kabla ya birika kupata moto. Lakini Helvi hakuwa akisikiliza mazungumzo. Alikuwa akimtazama Arvid. Kila mtu wa Kivi alijua kwamba Arvid na Nestor Hakala hawajasemezana kwa miaka kumi na mmoja, kisa drili ya kutobolea barafu iliyoazimwa isirudi. Wakikutana dukani, kila mmoja husoma maandishi ya kopo lililo karibu mpaka mwenzake apite.

"Mzee Arvid," alisema, "na kama kibanda hiki kingekuwa cha Nestor?"

Tyyne alianza kuyachunguza mafundo ya mbao darini.

"Kimoja kilikuwa cha Nestor kweli," alijibu Arvid. "Mwaka juzi, Februari. Moshi wake haukutoka."

Alisimulia kwa ufupi, akionekana kutopenda kusimulia. Alikwenda, akamkuta Nestor sakafuni, nyonga imevunjika, ameteleza tangu jioni iliyotangulia. Alimfunga kwa mablanketi, akampandisha juu ya kigari, akamburuta maili mbili mpaka barabarani, ambako lori la magogo liliwachukua wote wawili hadi hospitali.

"Mlizungumza nini njia nzima?" Helvi aliuliza.

"Nani?"

"Wewe na Nestor."

"Sisi hatusemezani."

"Hata siku ile?"

Arvid alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na kichwa. "Siku ile ina nini? Drili yangu alikuwa hajairudisha."

Walicheka wote, kinyozi mpaka akamwaga kahawa, na Arvid mwenyewe akacheka wa mwisho. Helvi hakucheka. Alikuwa ameishika penseli na hakuigusisha karatasi.

Alikuwa amemweka Onni ng'ambo ya ziwa ili awe peke yake, akasahau kwamba bomba la jiko lake linaonekana kutoka nyumba kumi na moja. Katika maisha yake yote hajasikia kwamba mtu alikufa juu ya ziwa hili bila kutazamwa. Kifo kile alikuwa amekiazima katika vitabu vya watu wengine, vya miji ambayo hakuna anayetazama moshi wa mwenziwe, akakileta Kivi akamlazimisha mzee wa watu akivae. Onni aligoma. Kwa miezi mitatu alilala pale kitandani akigoma kufa, kwa kuwa aliijua Kivi kuliko aliyemwandika. Na yeye, badala ya kumsikiliza, alichonga samaki.

Alisimama, blanketi likaanguka. Alisema kwamba sasa anajua kinachofuata, na kwamba anahitaji siku nne pasipo mtu yeyote.

Arvid alitikisa kichwa. Alimwonyesha kwa vidole viwili kwamba jambo hilo haliwezekani: kukiwa na moshi watakuja kwa kahawa, na kusipokuwa na moshi watakuja kwa mtaimbo.

Reino, aliyekuwa amesimama kwa mguu mmoja akiupasha moto ule wenye ndara, alikohoa.

"Nitawasha mimi," alisema.

"Uwashe nini?"

"Jiko. Hapa. Wewe rudi nyumbani, mama. Mimi nitakaa huku na birika na mkate, niutoe moshi wa kutosha meli. Watu wote watakuwa huku. Nani atakuja kukugongea nyumbani, na kahawa iko ziwani?"

Lilikuwa shauri jema kuliko yote aliyowahi kutoa katika ndoa ya miaka thelathini na minane, na hakuchelewa kulitaja hivyo yeye mwenyewe.

Ikawa kama alivyosema. Jumatatu hiyo hiyo mchana Helvi aliketi kwenye meza ya jikoni, na mbele yake, ng'ambo ya kisanduku cha mbegu na theluji, moshi mnene ulipanda kutoka kibandani. Watu walionekana wakielekea huko mmoja mmoja na wawili wawili, kama watu wanaokwenda ibadani. Njia ya kwake ilibaki tupu. Ndege mwenye kofia nyeusi alikuja. Helvi alimsalimu, akaendelea. Sentensi ilipomkwama, aliichukua soksi, ambayo Reino aliirudisha kwa hiari yake, akafuma mistari miwili mitatu huku macho yake yako mbali, kisha sentensi ikaja akaiweka soksi chini. Hoja yake ya zamani ilikuwa ya kweli kumbe. Mikono ile haikuwa imemdanganya. Yeye ndiye alikuwa hana la kuwapa wahusika wake.

Jioni Reino alirudi akinuka moshi na samaki, amechoka kama alivyokuwa akichoka mgodini. Alilalamika kwamba Arvid amemaliza mkate mzima peke yake, na kwamba Tyyne ameufungua upya ugomvi wa rangi ya mlango wa kanisa. Kisha akavua viatu.

"Amekufa?"

"Usiniulize," alisema Helvi.

Reino alishika kiatu hewani. Kwa miezi mitatu alikuwa amezoea kusikia neno jingine. Alipokwenda kunawa alisikika akipiga mluzi.

Alhamisi saa tisa alasiri Helvi aliutoa ukurasa wa kumi na nne katika mashine ya taipu aliyokuwa akiinakilia sura hiyo. Aliisoma sura nzima akiwa amesimama, akafuta maneno mawili, akarudisha moja. Kisha akachonga penseli zote saba, bila haja yoyote.

Ijumaa asubuhi aliipeleka bahasha posta. Tyyne aliiweka juu ya mizani, akaitazama sindano ya mizani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na watu watano waliokuwa kwenye foleni wakasogea mbele bila kuficha.

"Kwa hiyo?" alisema Tyyne. "Kafa?"

"Mtasoma kitabuni."

"Dada, mimi ndiye ninayefunga mifuko ya barua hapa. Huu mfuko unaweza kuchelewa."

"Basi ukichelewa hutajua kamwe."

Tyyne alipiga mhuri. Gari la posta liliondoka saa nne kamili, na Helvi alisimama barabarani akalitazama mpaka likapinda kwenye misonobari. Siku ya pili yake, kwa kuwa sheria hairuhusu vibanda kulala juu ya barafu kupita mwisho wa Machi, wanaume walikiburuta kibanda chekundu hadi ufukweni, mlango wake umefungwa kwa kamba. Waliokuja na mtaimbo, kila mmoja alipewa samaki wa mwerezi kuwa shukrani. Arvid alipewa wawili, kwa ajili ya mbio.

Tarehe mosi Aprili simu ililia kabla ya adhuhuri. Bibi Prescott hakumwulizia hali yake, wala Reino, wala theluji. Alisema kwamba koma za ukurasa wa tatu ni aibu kwa mtu mzima, kwamba aya ya pili ya ukurasa wa sita ina mkia wa kukatwa, na kwamba hakuna mtu duniani anayeandika *hata hivyo* mara nne katika karatasi moja. Alimgombeza dakika kumi na tano. Kisha akapenga pua.

"Kinapelekwa mitamboni kesho," alisema. "Nimeisoma nimesimama, Helvi. Sikuvua hata koti."

Siku hiyo Helvi na Reino waliwasha sauna, chumba chao cha kuogea kwa mvuke, ingawa haikuwa Jumamosi, wakala samaki wa kuokwa, wakalala mapema. Walilala usingizi wa watu waliotua mzigo, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi saa kumi na moja na nusu ilipita bila mtu kuamka. Saa kumi na mbili ikapita. Saa moja ikapita. Jiko la jikoni likazima lenyewe.

Saa moja na nusu mlango wa mbele ulipigwa kwa kitu cha chuma. Helvi alishuka ngazi akifunga mkanda wa gauni lake la kulalia, akafungua. Arvid alikuwa kizingitini, mtaimbo begani, anachungulia nyuma yake kutafuta maiti.

"Tuko hai, mzee," alisema Helvi. "Tumelala tu."

"Bomba la nyumba yenu halitoi kitu."

"Nitawasha sasa hivi. Ingia."

Arvid aliuegemeza mtaimbo ukutani, akavua viatu, akaketi mahali pa Reino. Akangoja mpaka moto ukashika na birika likawekwa. Alikuwa mtu wa subira, lakini subira yake ilikuwa na mwisho.

"Binti Lahti. Mimi mtu mzima, huenda hicho kitabu kikatoka mimi sipo. Onni je?"

Helvi alimtazama mzee yule, na kikombe alichokwisha kukitoa mfukoni.

"Anakunywa kahawa," alisema.

"Ya nani?"

"Ya jirani yake. Yule waliyegombana naye juu ya mpaka. Hakuona moshi, akavuka barafu na birika."

Arvid aliyafikiria hayo. Alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza kwa uangalifu, kama mtu anayeijaribu barafu kwa mguu kabla ya kuikanyaga.

"Wanasemezana?"

"Hata neno."

Mzee aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara mbili. Kisha akanyoosha kikombe chake.